Magoti Yanayouma: Mazoezi, Kipimo Chake na Kazi ya Fiziotherapia

Mwenye goti lililoanza kusagika huambiwa mambo mawili yanayogongana. Nyumbani anaambiwa apumzike, asije akalimaliza kabisa. Hospitali anaambiwa afanye mazoezi, anapewa karatasi yenye picha nne, na mazungumzo yanaishia hapo: haelezwi afanye mara ngapi, kwa uzito gani, wala maumivu yakifika wapi aache. Anajitahidi siku mbili, siku ya tatu goti limevimba, na ile karatasi inaishia kufungia karanga. Mara nyingi zoezi lenyewe halikuwa baya. Kilichokosewa ni kipimo: ama alizidisha siku ya kwanza, ama alifanya kidogo mno hata msuli ukakosa sababu ya kukua.

Maelezo haya ni ya goti, na ni ya ule ugonjwa wa kusagika ambao madaktari huuita osteoathritisi. Mengi yake yanafaa nyonga pia.

Kwanza ujue unatibu nini

Picha ya kawaida ni hii: mtu amevuka miaka 45, goti linauma akilitumia na linatulia akipumzika, asubuhi ni gumu kwa dakika chache zisizozidi 30, kisha linalegea. Likikunjwa linakwaruza au linalia. Mwenye dalili hizo hahitaji eksirei ili aanze mazoezi. Eksirei na maumivu haviendi sambamba sana: wapo wenye picha mbaya wanaopanda ngazi bila shida, na wapo wenye picha nzuri wasiopata usingizi.

Yapo magoti yasiyofaa kuanzishiwa mazoezi kabla ya kuonwa na daktari. Goti lililovimba ghafla, likawa la moto, na mwenyewe ana homa, ni la hospitali siku hiyohiyo. Vijidudu vikiingia ndani ya ungio vinaweza kuliharibu kwa siku chache. Usisubiri kuona wekundu, maana kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Weka mgongo wa kiganja juu ya goti moja, kisha la pili, ulinganishe joto. Goti moja linalovimba polepole kwa wiki kadhaa, huku mtu anapungua uzito na kutoka jasho usiku, lipimwe kifua kikuu, kwa kuwa ugonjwa huo hushambulia mifupa na maungio pia. Ugumu wa asubuhi unaozidi saa nzima, pamoja na uvimbe kwenye vifundo vya vidole vya mikono yote miwili, unaelekeza kwenye rumatoidi, ambapo kinga ya mwili hushambulia maungio. Huyo anahitaji kuanzishiwa dawa za kuutuliza ugonjwa mapema, na mazoezi kwake ni nyongeza. Kidole gumba cha mguu, au goti, lililolipuka kwa maumivu usiku mmoja linaweza kuwa jongo, yaani gauti. Na shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, hasa baada ya safari ndefu au kulazwa, usilikande. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Kwa nini kiungo kinachouma kipewe kazi

Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Linalishwa na ute wa ungio, unaoingia na kutoka kila linapobanwa na kuachiwa, kama dodoki ndani ya beseni la maji. Goti lisilotembezwa linanyimwa chakula.

Jambo la pili, na ndilo kubwa zaidi kwa anayeumwa, ni msuli wa mbele wa paja. Goti likiuma au likijaa maji, ubongo hupunguza amri zinazokwenda kwenye msuli huo. Msuli unanywea, kila hatua inatua kwa kishindo kwenye ungio, maumivu yanazidi, na msuli unazidi kunywea. Ukitaka kuliona hili, kaa chini umenyoosha miguu yote miwili, kaza mapaja, kisha bonyeza sehemu ya ndani, juu kidogo ya pia ya goti. Upande mzima ni mgumu. Upande unaouma mara nyingi ni tepetepe.

Msuli unaweza kurudi, hata kwa mtu wa miaka 80. Gegedu lililokwisha halirudishwi na zoezi wala chakula. Maji ya bamia yanasifiwa sana kwa sababu ya utelezi wake, lakini tumboni humeng'enywa kama mboga nyingine, na ule utelezi hauna njia ya kufika gotini. Bamia iliwe kwa kuwa ni tamu.

Namba ya maumivu

Tumia namba kuanzia 0 mpaka 10. Sifuri huumwi kabisa; kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Kabla ya kuanza taja namba yako. Ukiwa katikati ya zoezi, 0 hadi 2 ni salama, 3 hadi 5 yanavumilika, na yakipita 5 umezidisha. Hiyo ni nusu ya habari tu. Nusu nyingine inapatikana kesho yake: ndani ya saa 24 maumivu yawe yamerudi pale yalipokuwa kabla ya zoezi, na goti lisiwe limevimba kuliko jana.

Yasiporudi, usiache mazoezi. Punguza kitu kimoja, ama uzito, ama idadi, ama kina cha kukunja goti, kwa kadiri ya theluthi moja, uangalie tena. Ukipunguza vyote kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kinaumiza. Maumivu ya nyama ya paja yanayokuja siku moja au mbili baadaye, yanayosikika ukiubonyeza msuli, si ya kuogopa. Ni ya msuli uliofanyishwa kazi. Ya kuangaliwa ni yale ya ndani ya goti, hasa yanayochoma ghafla. Goti kutoa mlio bila kuuma si dalili ya kuharibika.

Pima kabla hujaanza

Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kimo chake kama sentimita 43 hadi 45 kutoka sakafuni, kiegemezwe ukutani. Kunja mikono kifuani. Kwa sekunde 30 simama wima na ukae, uhesabu umesimama mara ngapi. Mtu mwingine ashike saa. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mwanamke wa miaka 60 hadi 64 anayefikisha chini ya mara 12, na mwanamume wa umri huo anayefikisha chini ya 14, wako chini ya wastani. Kwa miaka 70 hadi 74 ni 10 kwa mwanamke na 12 kwa mwanamume. Asiyeweza kusimama bila kujisukuma kwa mikono aandike sifuri, hiyo nayo ni namba. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe, urudie kila baada ya wiki nne. Maumivu hupanda na kushuka kufuatana na kazi na usingizi, lakini namba hii haidanganyi sana.

Mazoezi yenyewe

Kukaza paja. Hili ni la kuanzia, hata kwa goti lililovimba. Kaa kitandani au mkekani, viringisha taulo au kanga iwe na unene wa ngumi, iweke chini ya goti. Bonyeza goti chini kuelekea taulo, vuta vidole vya mguu kuja kwako, kaza kwa sekunde 5 hadi 6, legeza kabisa. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Makosa mawili hujirudia: kubana pumzi, jambo linalopandisha presha, na kukaza makalio badala ya paja. Hesabu kwa sauti na pumzi haitabanika; weka vidole juu ya msuli na utajua nani anafanya kazi.

Kunyanyua mguu ulionyooka. Lala chali, mguu usiouma umekunjwa, unyayo sakafuni. Kaza paja la mguu unaouma kama hapo juu, kisha unyanyue mguu mpaka ulingane na kimo cha goti la pili, usipite hapo. Shikilia sekunde 5, shusha taratibu. Seti (yaani mizunguko) 2 au 3 za mara 10. Ikiwa goti linakunjika kidogo kila unaponyanyua, msuli bado hauna nguvu ya kulifunga. Rudi kwenye kukaza paja kwa wiki moja zaidi. Ukifikisha mara 15 kwa urahisi siku mbili za mazoezi mfululizo, ongeza uzito: soksi ndefu ya mpira wa miguu iliyotiwa nusu kilo ya mchanga mkavu, ikafungwa kifundoni. Ongeza kwa nusu kilo. Mwenye mgongo unaouma alifanye hili kwa uangalifu, na likimvuta kiuno aliache.

Kusimama na kukaa. Kama una muda wa zoezi moja tu, chagua hili, kwa sababu ndilo linalofanana na maisha. Anza na kiti kilichoongezwa kimo kwa blanketi zilizokunjwa mpaka uweze kusimama bila mikono na maumivu yasipite 5. Kiti kiegemee ukuta. Kile cha plastiki huteleza kwenye vigae. Kaa nusu ya mbele ya kiti, miguu ipane kama nyonga, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Inama mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha simama huku unatoa pumzi, kwa hesabu ya mbili. Kukaa kuwe kwa hesabu ya nne.

Kushuka ndiko kunakojenga, na ndiko watu wanakodanganya: wanashuka vizuri nusu ya kwanza, kisha wanajitupa. Ukijikuta unajitupa, kiti ni kifupi mno kwako kwa sasa. Angalia pia magoti yasiingie ndani kukutana. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu. Kosa la tatu ni kuegemeza uzito wote upande usiouma, na unaweza kulifanya wiki nzima bila kujijua. Simama mbele ya kioo, au mtu akuangalie kutoka mbele. Seti 3 za mara 8 hadi 12, upumzike dakika moja au mbili katikati. Likiwa rahisi toa blanketi moja. Blanketi zikiisha, kumbatia dumu la lita 5: tia maji lita moja, kisha mbili, na kila lita ni kilo. Sijui kifaa cha gharama kinachopimika kirahisi kuliko hicho.

Kupanda kidato cha ngazi. Anza na kimo cha sentimita 10. Mguu unaouma uwe juu, nyayo nzima imekanyaga, panda kwa nguvu ya mguu huo bila kujirusha na wa chini, kisha ushuke polepole. Tofali la inchi 6 lililolazwa kwa ubapa linatoa kimo cha sentimita 15, lakini liwe sakafuni pa tambarare, si mchangani, na mkono uwe karibu na ukuta. Mara 8 hadi 10, seti 2. Usikimbilie hili kabla ya wiki ya tatu au ya nne.

Kunyanyua mguu ukiwa umelala ubavu. Ubavu usiouma uwe chini, mguu wa juu umenyooka na umerudi nyuma kidogo, vidole vitazame mbele. Nyanyua kama sentimita 30. Vidole vikigeuka kutazama dari, kazi inahamia mbele ya nyonga na zoezi limepotea. Msuli huu wa pembeni ndio unaozuia kiuno kuyumba ukitembea, na kiuno kikiyumba goti ndilo linalolipa. Mara 10 hadi 12, seti 2.

Kusimama kwa vidole ukishika ukuta, mara 15, kunaimarisha shavu la mguu.

Sasa unyumbufu. Weka mfuko laini wa plastiki chini ya kisigino kwenye sakafu nyororo, ukae umenyoosha miguu, uburute kisigino kuja kwako mpaka usikie kuvuta, ushikilie sekunde 5, urudishe. Mara 10 kila siku. Lakini kunyoosha kunasahaulika kuliko kukunja. Goti lisilonyooka kabisa linafanya mtu atembee kana kwamba mguu mmoja ni mfupi. Kaa umenyoosha mguu, kisigino juu ya taulo lililoviringishwa, goti likining'inia hewani, dakika 5, mara mbili kwa siku. Na ule mto unaowekwa chini ya goti usiku, kwa kuwa unapunguza maumivu, uondoe. Baada ya miezi goti huzoea mkunjo ule na kunyooka kunakuwa kazi.

Ratiba inayowezekana

Mazoezi ya nguvu yafanywe siku tatu kwa wiki zisizofuatana, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa sababu msuli hukua siku za mapumziko. Kukunja na kunyoosha kufanywe kila siku. Nchini Denmark, mpango unaoitwa GLA:D ulioanza mwaka 2013 huwapa wenye magoti na nyonga zilizosagika vipindi vichache vya elimu na vipindi 12 vya mazoezi ya kusimamiwa, mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, kisha wanaendelea wenyewe. Hicho ni kipimo kizuri cha subira. Wiki mbili za kwanza tarajia uchovu wa misuli na nafuu kidogo au hakuna. Nafuu ya kueleweka huja kati ya wiki ya 6 na ya 12. Anayeacha wiki ya tatu ameshalipa gharama na hakuchukua mzigo.

Kutembea, baiskeli na maji

Tafuta dakika unazoweza kutembea bila maumivu kupita 5 wala goti kuvimba kesho yake. Ikiwa ni 8, anza na 8, ongeza dakika moja au mbili kila wiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za kujishughulisha kwa nguvu ya wastani, na zinaweza kukatwa vipande vya dakika 10. Makosa ya kawaida ni kutembea kidogo siku tano kisha kwenda na kurudi sokoni kwa miguu Jumamosi, kwa muda wa saa mbili na nusu ukiwa na kapu. Viatu viwe na soli nene kiasi, kisigino kisichozidi sentimita 3, na mkanda wa nyuma. Ndala zilizolika upande mmoja zinakulazimisha kuukanyagia upande huohuo.

Baiskeli ni nzuri kama kiti kimepandishwa vya kutosha: pedali ikiwa chini kabisa goti liwe limekunjwa kidogo tu. Kiti kifupi kinaibana pia ya goti kila mzunguko. Kwa walio pwani au karibu na ziwa tulivu, kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni kunapunguza karibu nusu ya uzito unaoshukia magoti. Yakifika kifuani unapungua zaidi. Chagua pahali penye mchanga mgumu, bila mawimbi, na usiende peke yako.

Nyumba inavyolichosha goti

Zoezi la nusu saa haliwezi kushindana na saa tano za kuchuchumaa. Hapa ndipo wataalamu wengi hupita haraka, na ndipo mgonjwa anapopotezea faida yake.

Chukua mbuzi ya nazi. Mtu anakaa karibu na sakafu, magoti yamekunjwa hadi mwisho, anakuna nazi mbili, kisha anasimama ghafla kwa sababu mchuzi unaungua. Kusimama kutoka chini hivyo kunalibana goti kuliko kusimama kutoka kitini. Fundi seremala anaweza kuiinua mbuzi ikawa na kimo cha kiti cha kawaida, lakini sinia nalo liinuliwe juu ya stuli, la sivyo mtu atainama mgongo badala ya goti. Kufua ni hivyohivyo: beseni lipande juu ya benchi au tofali mbili tatu zilizopangwa imara. Palizi ifanyike kwa jembe la mpini mrefu, na kila baada ya dakika 20 simama, tembea kidogo.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kizito kuliko vyote. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu, kinasaidia. Kiwe na mikono, kingo za tundu zisuguliwe, na kikianza kupasuka mguu kitupwe bila huruma. Kipande cha bomba la chuma kilichofungwa ukutani kwa kimo cha kiuno kinampa mtu pa kushika.

Anayeswali na asiyeweza kusujudu kwa maumivu ana ruhusa ya kuswali ameketi kitini. Anayeweza aongeze mto mwembamba chini ya magoti. Kuinuka kutoka mkekani kuna utaratibu wake: geuka upige magoti na mikono, goti linalouma liwe juu ya mto, sogeza stuli mbele, kanyaga kwa mguu usiouma, weka mikono yote juu ya stuli, kisha jisukume. Jizoeze mchana ukiwa na mtu karibu.

Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza na mguu unaouma hushuka kwanza. Bakora hushikwa kwa mkono wa upande usiouma, jambo linaloonekana geni lakini ndilo sahihi: goti la kulia likiuma, bakora iko kushoto, inakwenda mbele pamoja na mguu wa kulia. Kimo chake kilingane na mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima na viatu vyako, mikono imening'inia. Ncha iwe na kifuniko cha mpira, kibadilishwe kikilika.

Kipindi cha fiziotherapia kiwe na nini

Hospitali nyingi za mikoa na za rufaa zina kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko mjini Moshi, ina historia ndefu ya kufundisha wataalamu wake, na MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili jijini Dar es Salaam, nayo ina idara hiyo. Nenda na bukta au suruali ya kulegea ili goti na paja vionekane. Mwanamke anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke. Beba dawa zako zote kwenye mfuko.

Siku ya kwanza mtaalamu anayeijua kazi atakutazama ukitembea, ukisimama kutoka kitini, atapima goti linakunjika na kunyooka kiasi gani, atalinganisha nguvu za miguu miwili, atachungulia nyonga na kifundo cha mguu, na atakuuliza kazi unayotaka kuirudia. Jibu kwa usahihi: "kupanda daladala bila kuvutwa" ni lengo linalofanyiwa kazi, kuliko "nipone". Usitoke bila kujua mambo manne: zoezi gani, mara ngapi, uzito gani, na lini uongeze.

Mashine za umeme, taa za joto na kukandwa hutuliza kwa muda na hazina ubaya zikiwa ni utangulizi. Kipindi ambacho mgonjwa amelala dakika 40 kwenye mashine kisha akaenda nyumbani hakijaligusa tatizo. Ukiwa na fedha za vipindi vinne tu, usivimalize wiki moja. Vitawanye: cha kwanza, baada ya wiki moja kusahihishwa makosa, wiki ya nne kuongezewa mzigo, na wiki ya kumi kupimwa upya.

Joto, barafu na vidonge

Kwa ugumu bila uvimbe, joto dakika 15 hadi 20 kabla ya zoezi: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga mbili. Goti lililovimba baada ya kazi lipewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15. Usipake dawa ya kuchua kisha ukaweka joto juu yake, ngozi huungua. Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia miguuni ajaribishe joto kwa kiwiko kwanza.

Jeli ya kupaka ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, inafaa kujaribiwa kabla ya vidonge. Vidonge vyake hununuliwa kama peremende, ilhali vinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa anayetumia dawa za presha. Na ujihadhari na dawa za viungo zinazoitwa za asili lakini zinatuliza ndani ya siku moja: mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya juu ya bidhaa za aina hiyo zilizokutwa na diklofenaki na deksamethasoni (steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe) zisizotajwa kwenye lebo. Aliyezitumia muda mrefu asizikate ghafla bila daktari. Sindano ya steroidi ndani ya goti inaweza kutuliza kwa wiki chache. Wiki hizo ndizo za kujenga paja, si za kurudi shambani kufidia.

Kuhusu uzito: kila kilo moja ya mwili inayopungua inalipunguzia goti takriban kilo nne kwa kila hatua. Mwenye kilo 90 akishusha 5, tofauti huisikia kwenye ngazi.

Likikwama au ukikatizwa

Umefanya miezi mitatu kwa kipimo, namba ya kiti haijasogea na usiku bado unaumwa: rudi kwa daktari. Huenda maumivu yanatoka nyongani, kwa kuwa maumivu ya nyonga mbovu wakati mwingine husikika gotini, na huenda umefika pahali pa kuzungumzia goti bandia. Hata hapo, paja lenye nguvu kabla ya upasuaji hukusaidia kusimama mapema baadaye. Kusafisha goti kwa kamera inayoingizwa ndani kwa tundu dogo hakupendekezwi tena kwa goti lililosagika tu.

Ukiugua, ukisafiri au ukikatizwa wiki mbili na zaidi, usirudi ulipoishia. Anza na nusu ya uzito na nusu ya idadi, upande kwa wiki mbili. Mwezi wa Ramadhani fanya kukunja na kunyoosha alasiri, na mazoezi ya nguvu saa moja au mbili baada ya futari, maji yakiwa yameshanywewa. Mara mbili kwa wiki zinatosha kulinda ulichokijenga mpaka Idi.